Vipimo vya Mama wa Jumamosi

"Ukibonyeza hapo, hakuna kurudi nyuma," wifi yake alimwambia fundi cherehani, akimpa simu yake mwenyewe. "Ile iliyoibwa itafutika yote, popote ilipo."

Fundi alikitazama kidole gumba chake, kilichojaa alama za sindano. Simu yake iliibwa sokoni asubuhi, na haikuwa na namba ya siri. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya wateja wote. Mlikuwa pia na picha tatu za mama mmoja aliyekatwa titi, alizokubali kupigwa ili gauni la harusi ya mwanawe limkae vizuri.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa kilikuwa mezani, hakijaguswa na mkasi.

"Subiri hadi jioni," wifi alisema. "Huenda ikapatikana, kazi yako isiende na maji."

"Na huyo mwizi akizifungua hizo picha kabla ya jioni?"

Akabonyeza.

Kisha akampigia yule mama kwa simu hiyohiyo, kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa kitambaa, akamweleza yote bila kuficha. Upande wa pili simu ikakatwa.

"Mteja huyo umeshampoteza," wifi alisema.

Saa moja baadaye mama aliingia, akihema. Hakusalimia. Alishusha pazia, akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Wifi akatoka bila kuambiwa.

"Mambo ya picha yamekwisha," mama alisema, akainua mikono. "Chukua futi unipime, uandike kwenye daftari. Na jina weka la wifi yako, hata likiibwa wasinijue."