Kioo cha Kushoto

Karavani ambamo Rukanga na mkewe Sikudhani walipikia supu ya kuuza minadani ilikuwa pana kuliko pikapu iliyoivuta, na vioo vya gari vilionyesha ubavu wake tu. Kwa hiyo miaka kumi na mmoja Sikudhani aliendesha, na Rukanga akatoa kichwa dirishani kushoto, akimwambia apite au angoje.

Siku moja, kwenye duka la vipuri vya magari, Sikudhani alichagua vioo viwili vyenye mikono mirefu.

"Funga cha kulia tu," Rukanga alimwambia muuzaji. "Kushoto nipo mimi."

"Vinauzwa kwa pea, Baba Tunu," Sikudhani alisema.

Muuzaji alifungua mdomo, akamtazama Sikudhani, akaufunga.

Tangu masika macho ya Rukanga yalikuwa yameingia ukungu, na nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Alikipapasa kioo cha kushoto mpaka kwenye ncha.

"Kitaniziba."

"Kikikusumbua tutakikunja."

Walipofika kwenye kona ya sokoni, Rukanga alitoa kichwa kama kawaida.

"Pita, Mama Tunu. Kweupe."

Ndani ya kioo kipya, baiskeli iliyobeba trei za mayai ilikuwa inakuja ubavuni mwa karavani. Sikudhani hakuondoa mguu kwenye breki. Baiskeli ilipita karibu sana, upepo wake ukampiga Rukanga shavuni.

"Sasa je, nipite?" Sikudhani aliuliza.

Rukanga alinyoosha mkono nje, akakifuta kioo vumbi kwa mkono wa shati lake.