Viatu Mlangoni pa Judo

Saumu alikuwa ameshakimbia shule mbili. Kwenye ndondi aliona damu ulingoni, akageuka akarudi. Kwenye karate walipiga ukelele mmoja tu, naye akatoka mbio. Hii ya judo ilikuwa ya tatu, na mwalimu wake, Bi Mwanahawa, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza.

"Hapa tunaanza kwa kujifunza kuanguka, mwanangu. Vua viatu, uvipange na vya wenzio, vielekee nje."

Saumu akainama. Kando ya ndala zake palikuwa na viatu vya kahawia, kisigino cha kushoto kimekanyagwa, soli imeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi ule aliupitisha yeye mwenyewe, Ijumaa, kwa sindano ya magunia. Ndani mtu akabwagwa mkekani, puu! Kikafuata kicheko alichokijua hata usingizini.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Unaogopa kuanguka?" Bi Mwanahawa akamuuliza.

"Kuanguka nimeshajifunza, Bi. Miaka sita sasa."

Akavigeuza viatu vya mumewe vielekee ndani, vimcheleweshe akitoka. Ndala zake akaziacha zikitazama nje, kisha akakanyaga mkeka kwa mguu mmoja.