Chipukizi la Rasiberi

Talaka ilikuwa imeshatoka na gari limejaa mizigo yake. Kabla ya kuondoka alizunguka nyuma ya nyumba kumuaga mama mkwe, akamkuta amepiga magoti kwenye vichaka vya matunda ya rasiberi, koleo mkononi.

"Nishikie hili chipukizi, mwanangu. Lisivunjike."

Akalishika. Miiba midogo ikamchoma viganjani. Mama mkwe akakata mzizi ulioliunganisha na shina kubwa, akalifunga pamoja na udongo wake kwenye gunia lililolowa.

"Mwaka wa kwanza usitegemee kitu. Wa pili tutachuma."

"Mwanao akikasirika je?"

"Aliyekuacha ni yeye. Mimi nani kaniuliza?"

Akajikung'uta magoti, akaenda kuketi kwenye kiti cha mbele cha gari.

"Twende ukanionyeshe pa kulipanda."