Hizi za Wageni

Siku hizi sahani za kaure, na za kaure pekee, huhifadhi sauti ya kila aliyekula humo, na ukizipakulia chakula cha moto husema. Kwa hiyo siku ya hitima ya mama yao, Rukiya alizitoa zote kabatini, akapika pilau, akawaita nduguze waje wamsikie tena.

Ikaja sauti ya maalimu akisifu nyama. Ikaja ya wakwe wakicheka.

"Ya mama ni ipi, dada?" aliuliza Shekue, mdogo wake.

Sahani ya Rukiya ikajibu kwa sauti ya Rukiya mwenyewe: "Mama, wewe chukua ile ya plastiki. Hizi za wageni."

Shekue aliinuka, akaileta ile ya plastiki kutoka jikoni, akaipakulia pilau, akaitegea sikio mpaka pilau ikapoa.