Nguo Kambani

Mtoto alikuwa amefungwa kwenye pazia, na kulabu zake za waya bado zinaning'inia pembeni. Kila alipopiga hatua mwanaume aliyembeba, kulabu ziligongana.

"Kichwa, baba! Shika kichwa!" alifoka mwanamke mnene aliyekaa mwisho wa benchi. "Hicho si kifurushi."

Mwanaume alisimama katikati ya ukumbi wa zahanati, hajui mkono upi uende wapi. Benchi zote zilijaa kina mama na watoto wao. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa.

"Nionyeshe," alisema.

Mwanamke mnene akamwonyesha: kiganja nyuma ya shingo, mkono mwingine chini ya makalio. Mwanaume alitazama mara moja tu, akashika sawasawa. Alikuwa mtu wa kujifunza kwa macho. Kazi yake yote aliijua kwa kutazama wengine. Hakuna aliyewahi kumkalisha akamfundisha.

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Vitasa."

"Ahaa, fundi vitasa! Basi siku nikijifungia nje nakuita. Huyo wa kike au wa kiume?"

Akasita. "Wa kiume."

Bibi mmoja mwenye miwani, aliyemleta mjukuu wake, alikuwa ameshalifungua pazia. Akachungulia ndani ya nepi, akainua uso. "Huyu ni msichana."

Benchi nzima ikaangua kicheko.

"Mwacheni jamani," mwanamke mnene alisema huku akijifuta machozi. "Mume wangu alijua mwanawe ni wa kike siku ya kumshonea sare ya shule."

Mwanaume hakucheka. Mtoto naye hakushtushwa na kelele zile. Alikuwa ameachama kama anayelia, lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imeshaisha.

Bibi ndiye aliyenyamaza kwanza. Alichukua kidole cha mwanaume, akakiweka utosini mwa mtoto.

"Sikia hapa. Panatakiwa pawe sawa na kichwa. Pa huyu pamebonyea. Mtoto amekauka maji, baba. Mama yake yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini huko?"

"Amelala."

"Amelala!" Mwanamke mnene aliruka kama aliyekalia msumari. "Mtoto anakata roho, mwenzio amelala! Kwa nini usimmwagie maji?"

Mwanaume alitupa jicho kwenye mlango wa nje, alipokaa mlinzi. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Nitukaneni baadaye," alisema. "Sasa hivi nifanye nini? Niambieni tu, nitafanya."

Aliyasema kama mtu anayeomba asipigwe. Kicheko kikakatika.

Basi wakamfundisha. Mwanamke mmoja kijana alimkabidhi jirani mwanawe, akampa mtoto yule ziwa, lakini mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta. Akakamua maziwa kwenye kifuniko cha chupa, akamwonyesha mwanaume namna ya kuchovya kidole.

"Pembeni mwa mdomo, si katikati, yatampalia. Tone. Subiri ameze. Halafu tone tena."

Bibi alimfungua mwanaume vifungo vya shati, akamlaza mtoto kwenye ngozi ya kifua chake apate joto. Kiunoni mwa mwanaume palichomekwa bisibisi ndefu. Bibi akaisogeza isimchome mtoto.

"Fundi, hata leo umekuja na kazi?"

Alichovya kidole. Mikono yake ilizoea kufanya kazi taratibu, bila kelele. Leo ilimwaga maziwa.

"Meza," alinong'ona. "Meza, mama. Meza, nakuomba."

Tone la kwanza lilitiririka hadi shingoni. La pili nalo. Mwanamke kijana aliuma kucha. Mwanaume akachovya tena, na tena, akimtazama bibi kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Kisha koo la mtoto likacheza.

"Kameza!" alipiga kelele mwanamke mnene. Akainuka, akaenda kuugonga mlango wa daktari kwa ngumi. "Fungueni! Foleni tumemwachia huyu, sote! Kama kuna anayebisha, abishane na mimi!"

Nesi alitoka amekasirika. Akamwona mtoto, hasira ikamtoka. Alimvuta mwanaume ndani, akamlaza mtoto kitandani, akaanza kutafuta mshipa kwenye mkono uliokuwa mwembamba kama kijiti.

"Nijibu haraka. Hajanyonya tangu lini?"

Mwanaume alimtazama mtoto.

"Baba, lazima nijue. Kama ni tangu asubuhi, dawa yake ni nyingine. Kama ni siku mbili, ni nyingine. Nikibahatisha nitammaliza. Hujui?"

Mwanaume akatikisa kichwa.

"Basi mpigie mkeo simu umuulize!"

Mlango ulikuwa wazi. Kule nje mlinzi alikuwa amegeuka, anabishana na mwenye pikipiki. Nafasi ya mtu mmoja kupita ilikuwepo, na yeye alikuwa hodari wa kuziona nafasi za namna hiyo. Alitazama mlango. Kisha akatazama kifuniko cha maziwa, kilichokuwa bado mkononi mwake.

Akachomoa bisibisi kiunoni, akaiweka mezani mbele ya nesi.

"Hajanyonya tangu juzi," alisema. "Mama yake nimemkuta sakafuni, ameshapoa. Juzi jioni nilipita, nguo za mtoto zilikuwa kambani. Jana zilikuwa hapohapo, na taa ya nje inawaka mchana. Nikajua wenye nyumba wamesafiri, leo nikavunja kitasa."