Ruhusa ya Hana

Gati alisimama kabla Leodgar, bwana mkubwa aliyetoka ofisi ya Musoma, hajamaliza sentensi yake.

"Hebu rudia hapo, ndugu. Nikitaka kuoa mke wa pili, nimuombe ruhusa nani?"

"Mke wako wa kwanza," alijibu Leodgar.

"Mke niliyemtoa kwao Kiabakari kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Watu waliojaa nje ya ghala la pamba, pale Manyamanyama, wakaangua kicheko. Leodgar alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mzaliwa wa Songea, afisa mgeni mkoani aliyetumwa kukusanya maoni ya wananchi juu ya mapendekezo ya Serikali kuhusu sheria mpya ya ndoa. Butiama walimsikiliza kimya. Bunda mjini walimpigia makofi. Swali kama hili hakuwa amekutana nalo, wala muulizaji wa namna hii.

"Samahani," alisema. "Ni mke wako kabisa?"

"Kwani nimemuazima?"

Leodgar akamgeukia Silasi, mwenyekiti wa tawi la TANU, kutafuta msaada. Silasi alikuwa anatazama viatu vyake.

Gati alikuwa na sababu ya kuwaka. Mji wake ulikuwa mkubwa kuliko yote upande ule: zizi limejaa, na shamba la pamba linateremka mpaka mtoni. Kilichokosekana ni mtoto wa kiume wa kurithi hayo yote. Hana alikuwa amejifungua mara tatu, na mara zote wasichana; wazuri, wenye afya, wanaoitwa kwa jina la Gati, lakini siku moja wataolewa waende zao. Ndipo Gati alipokwenda kimyakimya upande wa Butiama, akaona binti wa watu, mahari ikakubaliwa. Ng'ombe wangetolewa baada ya mavuno. Na sasa Serikali inaleta maneno!

"Tuliombaga ruhusa kwa mkoloni," Gati aliendelea, kiko mkononi. "Kuuza ng'ombe, ruhusa. Kuhamia bondeni, ruhusa. Tukadai Uhuru. Leo nirudi kuomba ruhusa jikoni kwangu?"

"Sema, Gati! Sema!" wanaume wakashangilia.

"Na wenye majiko je, hawasemi?" aliuliza Eufrasia, kiongozi wa umoja wa wanawake, na kabla hajajibiwa akamsukuma Hana mbele.

Hana alikuwa na mtoto wa mwisho mgongoni. Alianza kwa sauti ndogo mpaka watu wakanyamazishana.

"Mimi sina ugomvi na mwenye mji wangu. Hajanipiga hata siku moja, na watoto wangu hawajalala njaa. Huyo wa pili mimi simkatai, pamba inanimaliza mgongo. Lakini habari zake nimezisikia kisimani. Kisimani, jamani! Wenzangu wananiuliza kama nyumba ya mgeni imekwisha kandikwa, mimi nimetumbua macho tu. Nilichotaka ni kuulizwa."

Gati alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi. Kwa kisima hakuwa amejiandaa. Habari za kisimani alizijua. Zilikwisha kumchoma mwenyewe zamani, na kovu lake bado lilikuwapo.

"Hana," akasema, sauti imeshuka. "Mbele ya Serikali, nakuuliza. Nioe, nisioe?"

Hana akamweka mtoto sawa, akakung'uta vumbi kwenye khanga.

"Oa. Lakini nyumba yake ikae ng'ambo ya zizi, na kukamua alfajiri iwe kazi yake."

"Imepita."

"Na kumleta nitakwenda mimi, nimtazame kwanza."

Gati alifungua mdomo abishe, akaona umati mzima unamtazama, akaishia kucheka. "Na hiyo imepita."

Leodgar alifurahi kama bwana harusi. "Mmeona, ndugu wananchi? Hayo ndiyo Serikali inayoyataka! Ndugu Gati, bila shaka sasa unaunga mkono?"

"Nimemuuliza kwa kuwa nimependa. Kulazimishwa ni kitu kingine."

Leodgar aliona asibishane, akaamua kupima maoni kwa mikono. "Tuanze na wanaume. Wanaopinga?"

Mikono ikapanda kama mtama. Wa Gati haukuwamo. Alikuwa anajaza kiko chake taratibu. Leodgar alipoulizia wanaounga mkono, alipata mmoja tu, Silasi, na mkono wake haukupita sikio.

"Sasa akina mama peke yao. Wanaounga mkono?"

Safari hii Leodgar alipumua. Hana alitangulia, wengine wakafuata, na Eufrasia akanyoosha mikono yote miwili.

"Wanaopinga?" aliuliza kwa kutimiza wajibu tu, huku tayari anatafuta kofia yake.

Mkono mmoja ukapanda, mrefu, ukasimama peke yake katikati ya uwanja.

"Hapana, ndugu Gati," alisema Leodgar kwa upole. "Waume wamekwisha piga kura."

"Uliita wanaume, ndugu, hukuita waume," alijibu Gati, bangili za shaba zikigongana mpaka kiwikoni. "Mimi ni mwanamke niliyeoa kwa mila ya kwetu. Nihesabu."