Kifurushi cha Sidi

"Futa jina lake," tajiri mwenye ofisi alisema, pete yake ikigonga kioo cha kompyuta.

Jina lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa programu ya Ngowa: import sidi.ushuru.*;

Jana Sidi alifukuzwa kazi kwa kuwatetea makarani wa ofisi hiyo ya mizigo, pale bandarini Mbaraki. Ngowa alikuwa ameapa kusimama naye. Siku ilipofika, akabaki kitini.

"Mstari huo hauleti kazi yake humu, bwana," alieleza. "Unaonyesha tu ilipo. Hesabu yote ya ushuru imo kwenye kifurushi, yaani folda ya faili alizoandika yeye. Ukiufuta, programu itagoma."

"Basi hicho kifurushi kipe jina lako. Yawezekana?"

Matajiri wa namna hii hawajui kuandika hata mstari mmoja, lakini kufuta wanakujua sana. Ngowa angesema haiwezekani, nani angembishia? Mwaka huo wa tisini na nane, Java, lugha ya programu hiyo, ofisini waliijua wawili tu, yeye na Sidi. Tajiri angelazimika kumwita Sidi arudi.

Kidole cha Ngowa kilikuwa juu ya kitufe.

"Yawezekana," alisema.

Akabadili jina la folda, kisha mstari wa juu wa kila faili. Programu ikakubali. Tajiri akaenda zake akipiga mluzi.

Karani mzee akaja na kikombe cha chai, akainama kusoma jina la Ngowa kwenye kioo.

"Kumbe ni yako, mwanangu? Sie twadhani ya Sidi! Mola akuzidishie."

Ngowa akapokea kikombe.

"Amina, mzee."